Uzi maalumu wa Dark: mji wa Winden, miaka 33 na wazazi waliokataa msiba

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kila mara mtu anauliza tamthilia ya kusafiri katika wakati iliyotulia, yenye kutisha bila majini wala roboti, na kila mara anapewa orodha ya majina na kuachwa hapo. Leo naomba tukae na moja tu kwa kirefu: Dark, kazi ya Wajerumani. Imekwisha kabisa, kwa hiyo hakuna kuachwa njia panda. Misimu mitatu, sehemu 26. Wa kwanza ulitoka tarehe 1 Desemba 2017, wa pili tarehe 21 Juni 2019, wa tatu tarehe 27 Juni 2020. Hizo tarehe mbili za mwisho zishikeni, nitazirudia. Ndiyo tamthilia ya kwanza ya lugha ya Kijerumani ambayo Netflix waliitengeneza wenyewe. Aliyeiongoza ni Baran bo Odar, na mwandishi mkuu ni Jantje Friese, mwenzi wake.

Kwa ambaye hajaiona, kisa kinaanza hivi. Winden ni mji mdogo wa kubuni uliozungukwa na msitu. Una kinu cha nyuklia kinachokaribia kufungwa, na chini ya msitu kuna pango. Mwaka 2019 mtoto wa shule anapotea. Wiki mbili hivi baadaye, usiku wa tarehe 4 Novemba, anapotea mwingine, Mikkel Nielsen, mwenye miaka 11. Baba yake Mikkel, Ulrich, ni polisi. Na Ulrich huyo alikwisha kupoteza mdogo wake, Mads, mwaka 1986, akiwa kijana, na hadi leo hakuna anayejua Mads alikwenda wapi. Kisha msituni inaokotwa maiti ya mtoto. Macho yameungua, ngoma za masikio zimepasuka, nguo ni za miaka ya themanini, na maiti bado ni mbichi kana kwamba amekufa jana.

Hapo ndipo unapogundua kwamba polisi wanauliza swali lisilo sahihi. Wao wanauliza mtoto yuko wapi, na swali lenyewe ni yuko mwaka gani.

Nikubali kwamba mwendo wake ni wa taratibu. Sehemu tatu za kwanza zinakujaza watu: familia nne, Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann, na kila mtu utamwona akiwa mtoto, mtu mzima na mzee, kila umri na mwigizaji wake. Walivyochaguliwa waigizaji hao ni ajabu. Unamwona mtoto wa 1986 anageuza shingo tu, unajua huyu ndiye yule mama wa 2019. Mvua haikatiki, na muziki wa Ben Frost unakwaruza moyo kabla hujaona cha kutisha chenyewe. Ujerumani wenyewe waliitunuku Grimme-Preis mwaka 2018, na hiyo si tuzo ya kugawiwa ovyo.

HATARI: kuanzia hapa natoboa siri zote. Ambaye hajaangalia ashukie hapa.

Watu wengi wakizungumzia Dark wanazungumzia mashine, pango, daraja la Einstein na Rosen la mwaka 1935 (njia ya kinadharia inayounganisha sehemu mbili za mbali), chembe nyeusi inayoelea ndani ya kinu. Hayo yote yamo na yamepangwa vizuri. Lakini mimi nimeiangalia kama hadithi ya watu waliokataa msiba. Kila fundo la Winden ukilifuatilia hadi mwanzo wake unakuta mzazi aliyefiwa au mtoto aliyeachwa, ambaye badala ya kuzika anasema: nitarudi nyuma nikalizuie. Na kule kurudi nyuma ndiko kunakolisababisha lile lile.

Mwangalieni Ulrich. Amepoteza mdogo wake, sasa amepoteza mwanawe. Anapita pangoni kumtafuta Mikkel, anatokea mwaka 1953. Anamkuta Helge Doppler, mtoto mdogo, na anajua Helge akikua atahusika na kuteka watoto. Basi anachukua jiwe ampige afe, ili Mads na Mikkel wapone. Helge hafi. Anabaki na makovu usoni na akili iliyotikisika, na hali hiyo ndiyo inayomfanya awe chombo rahisi mikononi mwa Noah, yule mchungaji mwongo. Ulrich anakamatwa hapo hapo 1953, anafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na anazeeka humo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye anamwona mwanawe Mikkel akiwa bado mtoto, anatoroka naye, na wanakamatwa. Mzee mwenye mvi anapiga kelele kwamba huyu ni mwanangu, na nani atamwamini? Binafsi sijaona adhabu nzito kuliko hiyo katika tamthilia yoyote.

Halafu kuna Jonas na baba yake. Msimu mzima wa kwanza unaanza na Michael Kahnwald kujinyonga tarehe 21 Juni 2019 na kuacha bahasha. Baadaye tunajua Michael ndiye Mikkel, yule mtoto aliyepotelea 1986, akalelewa na nesi Ines, akakua, akaoa, akamzaa Jonas. Kwa hiyo Martha, binti ambaye Jonas anampenda, ni shangazi yake wa damu, na Ulrich ni babu yake. Sehemu ya sita ya msimu wa pili, Jonas anarudi hadi siku ya mwisho ya baba yake kumsihi asijinyonge. Baba anamsikiliza kwa mshangao. Alikuwa hajawaza kufa. Hakuwa ameandika barua yoyote. Jonas ndiye anayemwonyesha ile barua. Mtoto amesafiri miaka yote ile kumwokoa baba, kumbe ndiye amemletea habari ya kifo chake.

Nimeishia hapo kwa sasa. Karibuni.

#2 Mdau wa Tanga

Mkuu umeeleza vizuri, ila mimi niliiacha sehemu ya tatu. Majina yalinichanganya. Huyu mama wa nani, yule mume wa nani, mara wamekuwa vijana. Unawezaje kufuatilia?

#3 Mleta uzi

Mkuu, chukua karatasi. Sikutanii. Andika familia nne pembe nne, na kila sura mpya uiweke kwenye ukoo wake pamoja na mwaka uliomwona. Ukifika sehemu ya tano utakuwa huhitaji tena. Pia kuna tovuti rasmi waliyoitengeneza wenyewe yenye mti wa ukoo: unaiambia umefikia sehemu gani, nayo inakuficha yale ya mbele.

Tena rudi tangu mwanzo, usianzie ulipoachia. Sehemu ya kwanza ina mambo ambayo hayana maana yoyote hadi msimu wa tatu.

#4 Mdau wa Mombasa

Ahsante ndugu mleta uzi. Nataka niongezee jambo kuhusu hiyo miaka 33, kwa sababu naona wengi wanadhani waliichagua kwa kuwa inapendeza tu.

Charlotte, yule mkuu wa polisi, anaeleza kwamba kila baada ya miaka 33 mzunguko wa mwezi na wa jua unakutana tena. Sisi huku hilo tunaliishi. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, wa jua 365, ndiyo maana Ramadhani inatangulia siku kumi na moja hivi kila mwaka. Miaka 33 ya jua ni sawa na 34 ya mwezi, na hapo mfungo unakuwa umezunguka majira yote na kurudi ulipokuwa. Sasa chukueni miaka mitatu ya Winden: 1953, 1986, 2019. Ramadhani ya miaka yote mitatu ilianza ndani ya mwezi wa Mei. Aliyefunga utotoni 1953 katika masika ya Mei alifunga tena masika hayo hayo 1986, na kama Mola alimpa umri, 2019 pia.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu zote mbili mkononi. Mwezi kwa ibada, na mwaka wa jua unaohesabiwa kutoka Nairuzi kwa kilimo, uvuvi na safari za majahazi. Kwa hiyo tuliposikia maelezo ya Charlotte nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

#5 Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa, Mungu akubariki. Hili ndilo nililitaka kwenye uzi huu.

Na nimekaa nikapiga hesabu baada ya kukusoma. Miaka 33 ya jua ni siku 12,053. Miaka 34 ya mwezi ni kama 12,048. Haikutani barabara, inapungua siku nne au tano. Hiyo ndiyo sababu Ramadhani ya 1953 ilianza katikati ya Mei, ya 1986 karibu na tarehe 10, na ya 2019 wiki ya kwanza. Duara halifungi kamili. Linanifurahisha sana hili, maana mwisho wa Dark unategemea ufa mdogo kama huo. Claudia Tiedemann ndiye anayemfumbulia Adam (Jonas akiwa mzee) kwamba wakati wa maangamizi ya Winden, muda unasimama kwa kitambo kidogo mno, na katika kitambo hicho mnyororo wa sababu na matokeo unakatika. Adam ametumia maisha yake yote bila kuuona upenyo huo, na Eva (Martha wa dunia nyingine, akiwa mzee) aliujua lakini aliutumia kulilinda fundo. Claudia ameutumia kulifungua kwa sababu yeye hakuwa anapigania upande. Alikuwa anamtafutia uzima binti yake, Regina, aliyekuwa na saratani.

#6 Mdau wa Munich

Habari zenu wakuu. Mimi niko Ujerumani, na naona watu wa nje wanaipita ile nyuklia haraka kama ni mapambo ya hadithi.

Chernobyl ililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Siku chache baadaye mvua ilinyesha huku kusini mwa Ujerumani ikashusha mionzi. Ukizungumza na mtu wa hapa aliyekuwa mtoto mwaka ule, atakwambia habari za kuzuiwa kucheza kwenye mchanga, kukatazwa maziwa mabichi na mboga za majani, na mama kumvua nguo mlangoni akitoka mvuani. Wizara ya mazingira ya Ujerumani Magharibi iliundwa Juni mwaka huo huo kwa sababu ya tukio hilo. Hadi leo uyoga wa porini na nyama ya nguruwe mwitu wa misitu ya Bavaria hupimwa sesiamu-137, chembe yenye mionzi, na nusu ya sesiamu hiyo huchukua miaka 30 hivi kupungua.

Sasa angalieni tena Winden. Kinu, msitu, mvua, 1986, ndege wanaanguka wafu kutoka angani, watoto hawako salama nje. Mjerumani wa umri fulani akiona picha ile anaikumbuka hofu waliyokuwa nayo wazazi wake. Vinu vitatu vya mwisho nchini humu vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, na mabaki yake bado yanahitaji pa kuwekwa kwa maelfu ya miaka. Yale mapipa ambayo wakubwa wa Winden wanayaficha pangoni yana uzito kwa mtu wa hapa. Kizazi kimoja kimefukia kitu, kizazi kingine kinakikanyaga.

#7 Mleta uzi

Mkuu wa Munich, hapo kwenye kufukia umegonga penyewe. Baba wa Winden anamficha mtoto jambo kwa nia ya kumlinda, na kwa jambo hilo hilo mtoto anaangamia. Kinu kinafanya kwa mji mzima kile ambacho wazazi wanafanya majumbani.

#8 Mdau wa Dodoma

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Msimu wa kwanza na wa pili, hongera. Wa tatu wameharibu. Wameleta dunia ya pili, Martha mwingine, kila kitu mara mbili. Na mwisho haushikiki: kama Jonas na Martha walizuia ile ajali ya gari, dunia zao hazikuzaliwa. Kama hazikuzaliwa, wao hawakuwepo. Kama hawakuwepo, nani alizuia ajali?

#9 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu.

Kwanza tuwakumbushe wasomaji. Mwisho unatuambia kwamba kulikuwa na dunia moja ya asili. Humo fundi saa na mwanasayansi H. G. Tannhaus aligombana na mwanawe, mwana akaondoka usiku wa mvua mwaka 1971 na mkewe na mtoto wao mchanga, gari likatumbukia mtoni, wakafa wote. Tannhaus hakukubali. Alitumia miaka kujenga mashine ya kuwarudisha, akaiwasha 1986, na dunia yake ikapasuka zikatoka mbili: ya Jonas na ya Martha. Claudia anampa Adam habari hii, Adam anampa Jonas, na Jonas anamchukua Martha wa dunia ya pili wakaenda usiku ule wa 1971 na kusimama barabarani. Mwana wa Tannhaus anageuza gari, anarudi kwa baba yake.

Kimantiki, ndiyo, swali lako linabaki. Hata mimi nikiliandika kwenye karatasi mshale unarudi unajila mwenyewe. Ila tazama tamthilia ilivyotuzoeza. Charlotte ni mama wa Elisabeth, na Elisabeth ni mama wa Charlotte. Hakuna aliyeanza. Mzee Claudia anampelekea Tannhaus michoro ya mashine mwaka 1953, Tannhaus anaijenga kwa miaka 33, halafu mgeni anamletea mashine hiyo hiyo iliyokwisha kutumika aitengeneze. Nani aliibuni? Hakuna. Ukoo wa Jonas wenyewe uko hivyo: Jonas na Martha wanazaa mwana, huyo mwana anamzaa Tronte, Tronte anamzaa Ulrich, Ulrich anamzaa Mikkel, na Mikkel ndiye baba wa Jonas. Watu hawa tangu mwanzo hawakuwa na mzizi. Tumewalilia sehemu 26 na hawakuwa na mzizi. Mwisho unawaondoa kwa sheria ile ile iliyowaleta, na mimi naona ni haki ya kisanii hata pale ambapo hesabu inagoma.

Dunia ya pili nayo naitetea. Bila hiyo, Jonas angebaki kuamini kwamba yeye ndiye kosa, na akiondoka yeye kila mtu atapona. Dunia ya pili haina Jonas, Mikkel hakupotea, na bado Winden inaungua. Ilibidi aione kwa macho ili aache kujihukumu.

Niliposema mshike tarehe ni hivi: msimu wa pili ulitoka siku ile ile ambayo Michael anajinyonga kwenye kisa, na wa tatu siku ile ile ya maangamizi ya Winden, 27 Juni 2020. Watu walioanza kuangalia siku hiyo walikuwa wamo ndani ya kalenda ya hadithi. Wapangaji hawa walikuwa makini hadi huko.

#10 Mdau wa Mwanza

Dada yenu naomba niseme kitu kuhusu akina mama, maana mmeongea Ulrich na Jonas tu. Katharina mmemsahau. Mume kapotea, mtoto kapotea, na kabla ya kupotea mume alikuwa anamsaliti na Hannah. Huyu mama hakukaa kulia. Alipojua njia alikwenda 1987 kumtoa mumewe hospitalini. Anamkuta mama yake mzazi akifanya kazi pale pale, yule mama aliyekuwa akimpiga utotoni. Na ni huyo mama anayemuua ziwani, bila kujua amemuua binti yake mwenyewe. Nilizima nikakaa siku kadhaa bila kuendelea.

Hannah naye watu wanamtukana sana. Ana makosa makubwa, sikatai. Lakini tangu akiwa binti mdogo wa 1986 hakuna mtu aliyemchagua yeye kwanza, na yote anayofanya ni kudai apendwe.

#11 Mleta uzi

Dada, asante, na ni kweli niliwapita. Katharina ndiye mtu wa Winden ninayemheshimu zaidi baada ya Claudia. Na kile kifo chake kinabeba hoja yote ya uzi huu: mateso ya nyumbani yanarithiwa, yanavuka miaka, yanarudi yalikotoka.

Kuhusu Hannah, nakubaliana nawe nusu. Njaa yake ya kupendwa naielewa. Uongo aliousema akiwa mtoto, kwamba Ulrich kambaka Katharina, siwezi kuusamehe haraka, kwa sababu hakuwahi kuurudia aurekebishe hata alipokuwa mtu mzima mwenye nafasi.

Jambo moja linalonigusa ni kwamba kwenye ile dunia ya asili, ile meza ya chakula ya mwisho, wanaokaa ni Hannah, Katharina, Regina na wengine wachache ambao damu yao haikupitia kwenye fundo. Regina yuko mzima. Ina maana Claudia alipata alichokipigania, ingawa hatuoneshwi kama amekijua.

#12 Mdau wa Tanga

Wakuu mmeninyanyua. Nimesoma mpaka huku licha ya onyo, basi. Swali la mwisho: niangalie yenye sauti za Kiingereza au Kijerumani? Na watoto wa darasa la sita wanaweza kukaa nami?

#13 Mleta uzi

Kijerumani chenye maandishi chini, mkuu, bila kusita. Sauti zilizobandikwa zinamwondolea Jonas kile kigugumizi cha huzuni, na kuna Elisabeth, ambaye ni kiziwi na anaongea kwa ishara. Matukio yake yamejengwa juu ya ukimya, na ukishazoea kusoma chini unamfuata sawa na wengine. Muda wa kusoma pia unakulazimisha kutazama skrini, na tamthilia hii ukigeuka kujibu ujumbe kwenye simu umepoteza babu wa mtu.

Darasa la sita hapana. Kuna kujinyonga kunakooneshwa mwanzo kabisa, maiti za watoto, na mambo ya wakubwa kitandani. Subiri wamalize kidato cha nne.

Sehemu za kwanza usiangalie zaidi ya mbili kwa usiku mmoja, na karatasi yako usiitupe. Ukimaliza sehemu ya sita ya msimu wa pili, hata kama ni saa nane za usiku, njoo uandike hapa.